Nakala Kwanza

Kabla ya yote, Dona Zulmira, fanya nakala.
Ile picha uliyoileta kwenye bahasha ya duka la dawa
irudi bahashani, ikae mkobani mwako.
Hii iliyopita kwenye skana ndiyo tutakayoitesa.
Ukikosea, umekosea juu ya kivuli.

Programu ni ya bure. Ndiyo, bure kabisa.
Hapana, hawatakupigia simu mwezi ujao.
Wameiandika watu tusiowajua,
usiku, baada ya kazi zao,
kama ulivyokuwa ukifuma soksi za watoto wa wengine
kwa mabaki ya sufu ya kiwandani.
Basi unaelewa.

Alhamisi, saa kumi, maktaba ya manispaa, Covilhã.
Milimani theluji imekataa kuyeyuka,
hita inanuka vumbi lililoungua,
na kompyuta ya tatu ina kipanya kinachoruka kama panzi.
Tukae kwenye ya nne.

Sasa tabaka.
Fikiria karatasi za kufungia jibini,
zile unazoona mwanga kupitia kwake, moja juu ya nyingine.
Ya chini kabisa ni picha: iache.
Juu yake weka tabaka tupu, ufanyie fujo zako humo.
Likikuchukiza, lifute; picha haina habari.
(Mara tatu umepaka kwenye tabaka lisilo lake.
Mimi nilifanya hivyo mwaka mzima.)

Kitufe cha pembeni pamoja na Z: vidole viwili,
na ulilolifanya halijafanyika.
Ulikibonyeza mara tisa, kumi, ukicheka,
kisha ukasema, "Laiti mwaka wa sabini na moja..."
hukumalizia.
Sikuuliza.

Mwangaza uuvute taratibu.
Wanaoanza wote huzidisha chumvi:
weusi unakuwa lami, weupe unakuwa chokaa,
na nyuso, ambazo huishi katikati,
zinakosa pa kukaa.

Wala usiwe mwepesi wa kukata.
Yule wa pembeni aliyetoka nusu, kofia na kiwiko tu,
ulitaka aondoke, anaharibu ukingo.
Mshale ulikwishafika.
"Ngoja," ukasema. "Hicho kiwiko ni cha baba."

Na huu ndio ufa.
Mkunjo wa miaka hamsini umepita juu ya shavu la Deolinda
ukalichana hadi kwenye karatasi.
Chombo chake kinaitwa muhuri. Hakiumbi kitu, kinaazima.
Unachota penye ngozi nzima, unabandika penye jeraha,
brashi ndogo, kingo laini, mguso mmoja mmoja,
usiburute kama anayepiga deki.
Nilikuonyesha shavu lake la pili: lina kivuli, likakataa.
Paji la uso: jeupe mno.

Ukanyamaza.
Ukaikuza picha mpaka ikawa miraba mitupu,
ukaupeleka mshale upande wa pili wa benchi,
kwa yule msichana mwingine, pacha,
mwenye soksi moja iliyoteremka,
ukachota shavuni mwake,
shavuni mwako,
ukaja ukambandika nduguyo.

Likakaa. Kijivu kwa kijivu, hata mimi sikuuona mshono.

"Aliazima kila kitu changu," ukasema,
"viatu, kitana, hata koti la harusi ya binamu.
Hakurudisha hata kimoja."

Bado kuhifadhi.
Hifadhi mara mbili: faili moja lenye matabaka yake yote,
la siku utakayobadili mawazo,
na jingine bapa, la kupeleka kuchapisha.
Lipe jina utakalolikumbuka.
Ukaandika, kwa kidole kimoja: *picha ya mwisho*.

Usiandike mwisho, Dona Zulmira.
Sijamwona aliyeandika mwisho akamaliza.

Ukafuta herufi moja moja,
ukaandika jina lake,
na mbele yake namba moja.